Mtu watu, mti wati

Nilikuwa kidato cha pili nilipoandika neno "syllabuses" kwenye insha ya Kiingereza. Mwalimu alilizungushia duara jekundu, pembeni akaandika "syllabi!", na chini ya insha akaacha agizo: niliandike mara hamsini. Niliandika. Mpaka leo nauona mkono wangu ukiteremka na safu ile, syllabi, syllabi, syllabi, huku wenzangu wakicheza rede nje ya darasa.

Siku hizi nahariri maandishi ya Kiingereza. Ndiyo kazi inayonilipia kodi: tasnifu, ripoti za miradi, maombi ya ruzuku. Mwezi uliopita kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea tasnifu yake kuhusu maji ya visima vijijini. Kazi ya mtu aliyekwenda kwenye visima mwenyewe, akachota, akapima. Lakini kila ukurasa ulikuwa na "bacterias", "datas", "criterias", na hapohapo "a bacteria". Nikasahihisha zote, nikamrudishia. Kesho yake akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeiona kazi?"

"Nimeiona, asante. Ila naomba kuuliza. 'Bacteria' umesema ni wingi tayari, nisiweke s. Sawa. 'Fungus' umeifanya 'fungi'. Sawa. Halafu 'virus' umeweka 'viruses'. Kwa nini isiwe 'viri'? Sasa dada, mimi nashika lipi?"

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Nilipokaa kuandika nikaona jibu linazidi kurefuka, na kwamba nalihitaji mimi mwenyewe kuliko yeye.

Nianzie nyumbani. Chukua mgeni anayejifunza Kiswahili. Umemfundisha mtu watu, mkulima wakulima, mvuvi wavuvi. Amefurahi, ameshapata kanuni: m- inakuwa wa-. Jioni anatembea barabarani, anaona miti, anasema "wati wazuri". Anapita sokoni anataka "wabuzi wawili". Hilo si kosa la mvivu. Amesikiliza vizuri kabisa, ila bado hajajua kwamba ile m- anayoisikia mwanzoni mwa maneno si moja. Mtu ana fungu lake, mti una fungu lake, na ile m- ya mbuzi haibadiliki kwenye wingi: mbuzi mmoja, mbuzi wawili.

Kilatini kilikuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba Warumi walibadilisha mkia wa neno pale tunapobadilisha sisi kichwa. Nomino zao waliziweka kwenye mafungu matano. Kaka yangu alisoma seminari ndogo, na likizo alikuwa akizunguka ndani akikariri kama mtu anayesali: mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa. Maana yake ni meza. Mama alikuwa akimwambia basi mwanangu, tumeisikia meza yako, njoo ule juu yake. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba meza yetu na mensa ya kaka ni neno moja: Warumi waliliacha kwa Wareno, likawa mesa, Wareno wakaja nalo pwani yetu. Kwa Warumi wingi wake ulikuwa mensae. Kwa Wareno ni mesas. Kwetu ni meza moja, meza kumi.

Sasa rudi kwenye ule mkia wa -us, maana ndiko watu wengi wanakoumia. Anayejifunza Kiingereza anaonyeshwa alumnus, alumni. Anaonyeshwa fungus, fungi, nucleus, nuclei, radius, radii. Anaondoka na kanuni mkononi: -us inakuwa -i. Ni yuleyule mgeni wetu na wabuzi wake. Kwa sababu -us ya Kilatini nayo si moja.

Wako akina alumnus, fungu la pili, ambao kweli wanachukua -i. Lakini kuna corpus, ambayo wingi wake ni corpora, na genus, ambayo ni genera. Hao ni wa fungu la tatu. Kuna status, fungu la nne. Kwa Warumi wingi wa status uliandikwa vilevile status, ila u ya mwisho ikavutwa kidogo mdomoni. Kiingereza hakina namna ya kuonyesha mvuto huo, kwa hiyo wanasema statuses na maisha yanaendelea. Anayeandika "stati" ili aonekane msomi amepanda mti akasema wati.

Halafu kuna maneno yenye -us ambayo hata si nomino za Kilatini. Octopus ni Kigiriki, maana yake mwenye miguu minane, na Wagiriki kwa wingi walisema oktopodes. Kwa hiyo ile "octopi" mnayoiona kwenye vitabu vya picha ni neno la Kigiriki lililovishwa shati la Kirumi. Kamusi nyingi zimeikubali kwa sababu imezoeleka, lakini mimi nikikutana nayo kwenye kazi ninayoihariri naweka octopuses. Ignoramus ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu hiyo ni sentensi nzima: "hatujui". Kwenye mahakama za Uingereza, wazee wa baraza walikuwa wakiandika neno hilo nyuma ya hati ya mashtaka walipoona ushahidi hautoshi kumpeleka mtu kwenye kesi. Mwaka 1615 tamthilia moja iliyochezwa Cambridge mbele ya Mfalme James I ikampa jina hilo wakili mmoja asiyejua kitu, na tangu hapo likawa jina la kila mjinga. Wingi wake utaufanyaje "ignorami"? Ni sawa na kuchukua "hatujui" yetu na kuitafutia ngeli.

Na kuna omnibus. Hili nalo lina mkia wa -us, ila mkia wenyewe ni -ibus, na kazi yake kwenye Kilatini ni kuonyesha "kwa ajili ya", tena kwa wingi. Omnibus: kwa ajili ya wote. Wafaransa walilipa jina hilo gari la farasi la abiria miaka ya 1820, na mwaka 1829 George Shillibeer akaanzisha la kwake London. Waingereza, watu wa kukata maneno, wakatupa kichwa chote wakabaki na "bus", yaani wakatupa "wote" wakabaki na kipande cha mkia. Sisi tukalipokea tukasema basi, na yakiwa mengi, mabasi. Ukilitazama vizuri neno mabasi pale Mbezi au Nairobi, limebeba wingi pande zote mbili: ma- ya Kibantu mbele, na nyuma mabaki ya wingi wa Kirumi ambao hakuna anayeukumbuka.

Hapo ndipo nilipomjibu kijana wangu kuhusu virus. Kwa Warumi virus ilikuwa sumu, ute mchafu unaonuka. Kilikuwa kitu cha kumiminika, hakihesabiki, na katika maandishi yao hawakutuachia wingi wake, kama vile wewe usivyoulizwa wingi wa asali. Ukitengeneza "viri" kwa kanuni ya alumni, unagongana na neno lililokuwepo tayari: viri kwa Kilatini ni wanaume. Ukiandika "virii", kama nilivyowahi kuona kwa watu wa kompyuta, umetengeneza wingi wa neno "virius" ambalo halipo. Kwa hiyo Kiingereza kimefanya jambo la pekee lililobaki, kimetumia kanuni yake chenyewe. Viruses.

Basi kwa nini hakikufanya hivyo kwa maneno yote? Jibu langu ni kwamba maneno haya yaliingia Uingereza kwa milango miwili. Mmoja ni mlango wa wasomi. Kwa karne nyingi mtu aliyeandika sayansi Ulaya aliandika Kilatini. Isaac Newton mwaka 1687 alitoa kazi yake kubwa kwa Kilatini, na Carl Linnaeus aliipa mimea na wanyama majina ya Kilatini tunayotumia mpaka leo kwenye maabara. Wasomi wa Uingereza walipobadilisha lugha wakaanza kuandika Kiingereza, walihama na maneno yao pamoja na mikia yake: larvae, nuclei, genera, bacteria. Mlango wa pili ni wa mtaani. Neno likishatoka kwenye maabara likaingia sokoni, gazetini, kwenye mdomo wa kondakta, linavaa -s kama wengine. Museum, album, circus, bonus, campus: zote ni Kilatini au zimepitia Kilatini, na hakuna Mwingereza anayesema "musea" au "boni".

Mengine yamegawanywa katikati, na hapa Kiingereza nakivulia kofia. Daktari wa upasuaji anazungumzia appendixes, mwandishi wa vitabu anazungumzia appendices. Mwenye hisabati ana indices, nyuma ya vitabu kuna indexes. Fundi wa redio ana antennas, mtaalamu wa wadudu ana antennae. Na hiyo antenna, kwa sisi watu wa pwani, ina asili inayopendeza: kwa Warumi lilikuwa jina la foromali, lile boriti la tanga linalokaa mshazari juu ya mlingoti wa jahazi. Karne ya 15 Theodorus Gaza alipokuwa akimtafsiri Aristotle kwenda Kilatini alihitaji neno la vile vipembe viwili vya kichwani mwa mdudu, akachukua foromali. Watu wa redio nao walikuja kulichukua baadaye. Ukiliona jahazi linaingia Malindi, Unguja, foromali imeinama na tanga limeshushwa nusu, utaelewa Gaza aliona nini.

Kwa hiyo ninapohariri siulizi "Kilatini kinasemaje?" Nauliza neno hili kwenye sentensi hii linaongea na nani. Kwenye tasnifu ya biolojia naacha fungi na larvae. Kwenye ripoti ya kata inayozungumzia viwanja vya mpira naweka stadiums, na atakayenirudishia "stadia" nitamuomba tukae tuzungumze.

Sasa lile fungu la -um, lenye bacterium, medium, datum. Wingi wake kwa Kilatini unafanywa kwa -a: bacteria, media, data. Kijana wangu alikuwa anaandika "a bacteria" na "bacterias", na nilipomsahihisha nilijua kabisa kosa limetoka wapi. Mswahili akisikia "bakteria" hasikii wingi wowote. Hakuna wa-, hakuna vi-, hakuna ma-. Anasikia neno zima la ngeli ya nyumba na ndizi, kisha anamwongezea Mwingereza s anayoidai.

Waingereza wenyewe wamefanya hivyohivyo. Agenda kwa Kilatini ni wingi, "mambo ya kutendwa". Leo ni neno la umoja, wingi wake agendas, na wala hakuna mwenyekiti anayefungua kikao kwa "agendum ya kwanza". Data ndiyo iko njiani. Majarida ya sayansi bado yanataka "data are", magazeti mengi yameshahamia "data is", na watu wazima, wasomi, wanagombana juu yake kama wanagombea kiwanja. Nilikuwa upande wa "are" kwa miaka mingi. Nilikuwa nakata "is" bila huruma.

Kilichonitoa huko ni malaika.

Nilikuwa msibani, shehe anatoa mawaidha, akasema "malaika mmoja akaja akasimama". Nimelisikia neno hilo tangu utoto wangu, lakini siku ile, labda kwa sababu nilikuwa nimekesha na tasnifu, lilinisimama. Kwa Kiarabu malaika ni wingi. Mmoja ni malak. Sisi tumeuchukua wingi mzima, tumeufanya umoja, tukaendelea kuutumia kama wingi vilevile: malaika mmoja, malaika wengi. Hakuna shehe aliyewahi kunyoshewa kidole kwa hilo, na shehe yule Kiarabu anakijua kuliko mimi ninavyokijua Kiingereza. Halafu nikakumbuka masahaba. Sahaba kwa Kiarabu nalo ni la wingi, mmoja ni sahabi. Sisi tukaona halitoshi, tukalipachika ma-. Ni "datas" kabisa. Maulamaa nao ni hivyohivyo. Na kuna kinyume chake: Kiarabu kina kitabu kimoja, kitab, na vingi ni kutub. Sisi tukasikia ki- mwanzoni, tukasema hiki ni cha kwetu, tukafanya vitabu. Muallim akaja na mu- yake, tukamwita mwalimu, wakawa walimu. Barabara ya mzunguko ambayo dereva alielekezwa kwa Kiingereza abaki kushoto ikawa kipilefti, na zikiwa nyingi ni vipilefti.

Baada ya siku hiyo bado naweka "data are" kwenye tasnifu, kwa sababu wasahihishaji wataitafuta na sitaki kijana wa watu apoteze alama. Lakini "data is" kwenye hotuba au kipindi cha redio siigusi tena. Na sitamwambia mtu kwamba amekosa elimu kwa kusema hivyo. Nimeyaona maumivu ya maneno haya kwa watu wenye akili nzuri: mtu anasimama kuwasilisha utafiti wake wa miaka miwili, anasema "criterias", na swali la kwanza kutoka kwa jopo linahusu s. Visima vyake, vipimo vyake, watoto waliokuwa wanaharisha, vyote vinasubiri nje ya hiyo s. Linanikera sana hilo.

Nirudi kwenye syllabus, maana niliahidi moyoni nitaifikia.

Mwaka 56 kabla ya Kristo Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alimwandikia rafiki yake Atticus kuhusu maktaba yake iliyokuwa inapangwa upya. Alimwomba ampelekee watumishi wawili wanaojua kugundisha, waje na vipande vya ngozi vya kutengenezea lebo, zile lebo ambazo "ninyi Wagiriki", alisema, mnaziita, na hapo akaweka neno la Kigiriki, sittybas. Barua hiyo ikanakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ilipofika kwa wachapishaji wa karne ya 15, neno lile lilikuwa limeharibika, likachapwa "syllabos". Wasomi waliolisoma wakaona mkia wa -os, wakalichukulia kuwa ni wingi. Kama ni wingi, basi lazima kuna umoja. Wakautafuta, wakaupata: syllabus. Neno ambalo Cicero hakuliandika wala Mgiriki hakulisema. Mwaka 1864 Papa Pius IX aliitumia kwenye orodha yake ya makosa ya zama, na leo liko kwenye mlango wa kila ofisi ya taaluma.

Yaani "syllabi" niliyoandika mara hamsini ni wingi wa Kilatini wa neno ambalo Kilatini hakikuwa nalo. Kamusi leo zinakubali zote mbili, syllabi na syllabuses. Siku niliposoma habari hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa barazani. Niliumia, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyoamini kwamba tatizo lilikuwa mimi. Mwalimu naye alikuwa amefundishwa hivyo na mtu aliyefundishwa hivyo.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni namna neno lenyewe lilivyozaliwa. Lilitoka kwenye wingi kurudi kwenye umoja. Watu waliona mkia unaofanana na wanaoujua, wakaamini, wakatengeneza kitu kimoja kutoka kwenye vingi ambavyo havikuwepo.

Sisi tumefanya hivyo juzijuzi tu, na mimi nilikuwepo. "Virusi" iliingia kwetu kutoka Kiingereza ikiwa neno la umoja, virus, lile la Kilatini la sumu. Ila kwa sikio la Mswahili vi- ni vi-. Ni viti, ni vyombo, ni vitu vingi. Tukasema virusi vya UKIMWI, tukafupisha VVU. Na kama kuna virusi, basi kimoja ni kirusi. Wakati wa corona nilikisikia kila siku: kirusi kipya, kirusi hiki kinabadilika, kirusi kimeingia nchi jirani. Hakuna aliyekaa kikao. Nafahamu kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi pia, na hakuna aliyechanganyikiwa. Warumi walishindwa kulihesabu neno hilo kwa sababu lilikuwa ute. Waingereza walililazimisha kwa -es. Sisi tulilikuta limeshavaa nguo zetu.

Kijana wangu nilimwandikia mengi ya haya, si yote. Wiki iliyofuata akaniletea kitu kingine: ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa kusoma kwenye mkutano wa kijiji, kuwaeleza wenye visima alichokipata. Hakikuwa kwenye mkataba wetu, alitaka tu niupitie. Niliuchapa nikaushika na kalamu nyekundu kama kawaida yangu. Katikati ya ukurasa aliandika: "Kirusi kimoja hakionekani kwa macho, lakini vikishakuwa vingi kisimani, mtoto ndiye anayetangulia kuugua."

Nilifika mwisho wa ukurasa, kalamu bado ina kifuniko chake.